Je, wajua kwa nini kutoa tonsili leo kunafanana na miaka ya 1830 kuliko 1930?

Wengi tunadhani upasuaji unabadilika kwa sababu ya vifaa tu, mashine mpya inakuja madaktari wote wanahamia huko. Kwenye tonsili, vile vinundu viwili vya nyama nyuma ya koo, sio hivyo. Vifaa vimebadilika ndiyo, ila kilichobadilika zaidi ni kitu daktari anachokiogopa, na hofu ikihama mkono nao unahama.

Tuanze mbali. Celsus, Mrumi aliyeandika mambo ya tiba karne ya kwanza, alisema tonsili zilizokuwa ngumu zikwanguliwe kwa kidole pande zote mpaka zing'oke, zikigoma ndo unazikamata kwa ndoano unakata kwa kisu. Na enzi hizo dawa ya usingizi kama ya leo hakuna. Hofu kubwa hapo ni damu, maana tonsili inalishwa na mishipa ya damu kadhaa, na ikianza kuvuja mule kooni huwezi kufunga bandeji, mgonjwa anaimeza ile damu au mbaya zaidi inamwingia kwenye njia ya hewa.

Ndo maana mwaka 1828 Philip Syng Physick wa Philadelphia alipotoa kifaa chake watu walikipokea vizuri. Ni pete yenye kisu. Unaipitisha pete kwenye tonsili, nyama inayochomoza inaingia katikati, unasukuma kisu, kwisha kazi, sekunde chache tu. Baadaye Morell Mackenzie wa London akatengeneza ya kwake na ikaenea sana Uingereza. Sasa angalia, kifaa hicho kilikata ile sehemu iliyojitokeza tu, mzizi ulibaki kooni, na wala hawakuwa wazembe, mtoto yuko macho anashikiliwa na watu wazima, nani angethubutu kuchimba chini?

Mwanzoni mwa karne ya 20 hofu ikahama. Ikaja nadharia kwamba maambukizi yaliyojificha sehemu moja, kwenye meno au tonsili, ndo yanasambaza magonjwa mwili mzima, viungo, moyo, figo, kila kitu. Basi ule mzizi uliokuwa unaachwa bila wasiwasi ukageuka kuwa kiota cha vijidudu, lazima utoke wote pamoja na utando unaouzunguka. Dawa za usingizi zilikuwepo tayari, kwa hiyo iliwezekana. Wengine waliendelea na gilotini, yaani ile pete yenye kisu, ila kwa ufundi wa kung'oa tonsili nzima, wengine kama George Waugh wa London, mwaka 1909, wakaandika namna ya kuichambua taratibu kwa mkasi na koleo. Mwaka 1917 Samuel Crowe na wenzake wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, wakatoa ripoti ya wagonjwa 1,000, mgonjwa kalazwa kichwa kimeinamishwa nyuma ili damu isishuke kwenye mapafu, mdomo umeachamishwa na chuma maalumu, na chuma cha aina hiyo chenye jina lake bado kipo theatre mpaka leo.

Hapo ndo watu wakapitiliza. Mwaka 1934 American Child Health Association ilichukua watoto 1,000 wa shule za New York, wa miaka 11, ikakuta 611 wameshatolewa tonsili. Wale 389 waliobaki wakapelekwa kwa madaktari, 174 wakaambiwa wanahitaji kutolewa. Waliobaki 215, ambao wameshaambiwa wako poa, wakapelekwa kwa madaktari wengine, 99 wakaambiwa watolewe. Wakabaki 116, kundi la tatu la madaktari likachagua 51. Wakabaki 65 na zoezi likaishia hapo, nadhani wangeendelea asingebaki hata mmoja! Yaani kila kundi la madaktari lilikuwa linaondoka na karibu nusu ya watoto waliowekwa mbele yake, hata kama walishapitishwa kuwa wazima. Uingereza nako, Alison Glover alionyesha mwaka 1938 kwamba eneo la Hornsey lilipopata daktari mwingine wa shule idadi ya upasuaji iliporomoka hadi chini ya moja ya kumi, na watoto hawakupata shida yoyote iliyoonekana.

Kilichopunguza kasi ni antibiotiki, pia madaktari waligundua kwamba mtoto aliyetoka kutolewa tonsili akipata polio anaweza kupata ile aina mbaya inayopooza koo na upumuaji. Halafu mwaka 1984 Jack Paradise wa Pittsburgh na timu yake wakaweka kipimo cha nani anastahili kutolewa, ambacho kinatumika hadi leo: koo kuumwa mara 7 ndani ya mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu, na iwe imeandikwa na daktari, yenye homa au usaha au tezi za shingo kuvimba, sio koo kuwasha tu asubuhi.

Kwa wanaoamini mashine mpya lazima iwe bora, hii hapa. Januari 2001 serikali ya Uingereza iliagiza vifaa vya kutoa tonsili vitumike mara moja na kutupwa, kwa hofu ya prioni (protini mbovu zinazoambukiza) za ugonjwa wa ng'ombe kichaa, ambazo hukaa kwenye tonsili na hazifi kwa kuchemshwa kawaida. Wagonjwa wakaanza kuvuja damu zaidi, na kabla mwaka haujaisha agizo likaondolewa. Kisha ukafanyika ukaguzi mkubwa wa 2003 na 2004, wagonjwa zaidi ya 33,000, ukaonyesha kwamba kukata kwa umeme unaounguza nyama kunaleta damu nyingi baadaye kuliko chuma baridi, yaani visu na mikasi ya kawaida, na uzi. Mezani kunaonekana kusafi kweli, tatizo linakuja siku za mbele ule ukoko mweupe wa kooni unapobanduka.

Sasa hofu ya leo ni mtoto kukosa hewa usingizini. Watoto wengi wanaopelekwa theatre siku hizi wanaenda kwa sababu wanakoroma na kukata pumzi usiku, tonsili zimeziba njia. Ukiwaza hivyo, huhitaji kutoa vijidudu, unahitaji nafasi ya hewa kupita. Kwa hiyo tangu miaka ya 2000 wengine wamerudi kutoa sehemu tu, wanapunguza tonsili kwa kisu kidogo kinachozunguka na kunyonya, au kwa koblesheni, njia ya kuyeyusha nyama kwa umeme ndani ya maji ya chumvi ambayo haichomi sana, wanaacha tabaka jembamba juu ya ule utando. Chini ya utando ndo kuna misuli, neva na mishipa mikubwa zaidi ya damu, ikibaki imefunikwa maumivu yanapungua, damu nayo inapungua. Gharama yake ni kwamba wachache zinawaota tena na inabidi warudi. Sweden njia hii imeshakuwa ya kawaida sana kwa watoto, kwingine bado wanabishana.

Hata huko kwenye usingizi sio kila mtoto ni wa kisu. Utafiti wa Marekani uliotoka 2013, watoto 464, ulionyesha waliofanyiwa upasuaji 79% vipimo vyao vya usingizi vilirudi sawa baada ya miezi saba, lakini hata waliosubiriwa tu 46% walirudi sawa wenyewe. Kwa watu wazima upepo umegeuka upande mwingine, miaka mingi walikuwa wanaambiwa wavumilie, ila 2023 Uingereza ikatoa matokeo ya utafiti: waliotolewa tonsili waliumwa koo siku 23 ndani ya miaka miwili, wasiotolewa siku 30, na hizo 23 zinahesabu pamoja na maumivu ya upasuaji wenyewe.