Kikohozi cha ghafla kwa anayeishi na VVU: maswali na majibu

Nameza ARV kila siku na virusi vimefubaa. Nimonia itanipataje?

Inaweza kukupata, ingawa kwa nadra kuliko aliyeacha dawa. Wengi hudhani magonjwa ya mapafu huja CD4, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zikishuka chini ya 200. Hiyo ni kweli zaidi kwa PCP, nimonia inayoletwa na fangasi. Ile ya bakteria haisubiri. Huweza kumlaza hata mwenye CD4 500, japo hatari huzidi kadiri zinavyopungua. VVU huvuruga pia seli zinazotengeneza kingamwili, na dawa hazirudishi kila kilichoharibika. Bakteria anayeongoza ni pneumokoka, ambaye watu wengi, hasa watoto wadogo, humbeba puani na kooni bila kuumwa.

Nitajuaje kama ni nimonia au TB?

Angalia kasi. Nimonia ya bakteria hukuangusha ndani ya siku chache: homa kali, kutetemeka, kichomi ukivuta pumzi, makohozi ya njano au ya rangi ya kutu. TB hujivuta kwa wiki kadhaa, na jasho la usiku na kukonda. PCP nayo huja polepole, kikohozi kikavu, na pumzi hukata hata kwa kazi ndogo.

Maelezo haya ni ya kumweleza daktari, si ya kujipimia nyumbani, maana magonjwa mawili huweza kuja pamoja. Tena ile kanuni ya kungoja kikohozi kifike wiki mbili ndipo upimwe TB haikuhusu: ukiwa na VVU, kikohozi cha siku yoyote ni sababu ya kuchunguzwa TB.

Nikianza na antibayotiki ya duka la dawa?

Usifanye hivyo, na hapa sina lugha laini. Siprofloksasini na levofloksasini, ambazo watu huzinunua kama pipi, zinaweza kuituliza TB kwa muda. Homa inashuka, unajiona umepona, vipimo vinachelewa kuionyesha, na ugonjwa unaendelea kula mapafu. Toa makohozi yapimwe kwanza. Kama hali ni mbaya, hospitali itaanza tiba bila kungoja majibu.

Si ninameza Septrini tayari?

Septrini ni kinga, na ni kinga nzuri: hupunguza PCP, malaria na baadhi ya maambukizi ya bakteria. Lakini pneumokoka wengi wamekuwa sugu kwayo, kwa hiyo kuongeza vidonge ukianza kukohoa si tiba.

Na chanjo?

Zipo za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2000 uliona kwamba chanjo ya zamani ya aina 23 za pneumokoka haikuwakinga watu wazima wenye VVU. Ule wa Malawi wa 2010 ulitumia chanjo mpya zaidi, ya jamii wanayopewa watoto wachanga, kwa watu waliokwisha kuugua vikali kwa pneumokoka. Ilizuia takriban robo tatu ya marudio makali yaliyotokana na aina zilizomo kwenye chanjo. Ulizia kliniki yako kama inapatikana kwa watu wazima. Sigara iache hata kama chanjo hakuna.

Lini nisingoje kupambazuke?

Ukivuta pumzi zaidi ya mara 30 kwa dakika, homa ikipita nyuzi 39, mapigo ya moyo yakizidi 120, ukishindwa kutembea bila kushikiliwa, au ukianza kuchanganyikiwa. Beba kadi ya kliniki na dawa zako zote. ARV usiziache kwa sababu umelazwa.

Nimeugua mara mbili mwaka huu. Ni bahati mbaya tu?

Nimonia kali ya bakteria inayojirudia imo katika hatua ya nne ya VVU, iliyo kali kuliko zote, kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Omba upimwe wingi wa virusi, CD4 na TB upya, na useme ukweli kuhusu dozi ulizoruka.