Fremu ya mlango si kinga ya tetemeko

"Ardhi ikitetemeka, kimbilia chini ya fremu ya mlango, hapo ndipo penye nguvu kuliko kote." Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu, na anayeutuma huwa ana nia njema. Ila kwa nyumba nyingi za leo si kweli.

Pita kwenye nyumba inayojengwa utazame. Mara nyingi utakuta kuta zimesimama, lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) imeshamwagwa, pengine hata paa limeezekwa, na milango bado ni matundu matupu. Mzigo unabebwa na lenta na kuta, au nguzo na mihimili kama ni ghorofa. Fremu inashika bawaba na kitasa, basi. Tena mlango wenyewe, ukichezacheza, unaweza kukubana vidole.

Imani hii huhusishwa na picha za zamani za California: nyumba ya matofali ya udongo imeporomoka, fremu ya mbao imebaki wima. Nyumba zile si hizi zetu za bloku na zege.

Ukiwa ndani, inama, ingia chini ya meza imara, funika kichwa na shingo, shikilia mguu wa meza mpaka mtikisiko uishe. Ujumbe ule ukikufikia usiusambaze. Mweleze aliyekutumia, kwa upole.