Apu za kupima muda: yale nimechoka kuskia

Nafundisha watu kupanga kazi hapa Nakuru, wengi ni wa kujiajiri, waandishi wa mtandaoni, watu wa keki, mafundi wa nguo, na wiki haiishi kabla mtu aniambie "nitafutie ile apu ya otomatiki, ile inajua yenyewe nimefanya nini." Haijui. Wacha niandike hapa nikuwe nawatumia link tu.

Ati ya otomatiki inajua kazi yako

Inajua ni apu ama tovuti gani iko mbele kwa skrini na imekaa hapo muda gani, basi. RescueTime na wenzake hufanya hivyo, wanaona umefungua nini, wanakiweka kwa kundi, wanakipa alama kama ni cha kazi ama cha kupoteza muda. Sasa wewe wa keki pale Section 58, oda zote zinakuja WhatsApp, unatuma picha, mnabishana bei, unangoja M-Pesa ya deposit iingie, halafu jioni ripoti inakwambia siku nzima umepiga stori. Na ule muda ulikuwa unapaka icing, simu iko mbali juu mikono imejaa siagi? Kwa ripoti hapo ni peupe, ni kama ulikuwa umelala. Mteja wangu mmoja aliniletea ripoti ya aina hiyo akijiita mvivu, na ni mtu huamka saa kumi usiku kuwasha oveni! Eti ubadilishe WhatsApp iwe ya kazi? Unaweza, RescueTime inakubali, lakini sasa hata kelele za group ya harusi zitahesabiwa kazi.

Halafu otomatiki lazima ikae macho nyuma ya pazia saa zote, na hizi simu zetu zikiingia mode ya kuokoa batri zinaiua bila kukuambia. Kwa iPhone ndio usiseme, Apple hairuhusu apu ichungulie apu zingine vile Android inaruhusu.

Kama unashinda kwa laptop kutoka asubuhi mpaka jioni, sawa, chukua otomatiki, sikatai. Wengine wote, bonyezeni wenyewe: Toggl Track ama Clockify, anza, simamisha, kwisha. Na weka wijeti yake, kile kidude cha kubonyeza bila kufungua apu, kwa ukurasa wa kwanza wa simu, juu ukilazimika kuitafuta hutabonyeza.

Ati taima ikikimbia siku nzima inamaliza batri na bando

Ya kubonyeza haikimbii popote. Inaandika saa uliyoanza, ukisimamisha inatoa hesabu. Bando ni la kutuma maandishi kidogo tu, na Toggl ya simu inarekodi hata bila intaneti, inatuma baadaye.

Ati ya bure ni bure tu

Kwa mtu mmoja inatosha. Pesa unalipia mambo ya timu na invoisi.

Ati Pomodoro ni kupima muda

Hiyo mbinu ya Francesco Cirillo, dakika 25 kazi, 5 kupumzika, ni ya kukukalisha chini ufanye. Haikuambii wiki ilienda wapi.

Ati ukiwa na makundi mengi ya kazi ndio utajua zaidi

Nkt. Mtu anafungua makundi thelathini, "kujibu email", "kufikiria email", ikifika Jumatano ameshaacha. Matano yanatosha: kutengeneza, wateja, kununua vitu, hesabu, barabarani. Ukisahau taima ikalala ikihesabu, rekebisha saa asubuhi uendelee, si dhambi.

Na kabla ulipie yoyote, angalia kama inatoa data yako kwa CSV, ile faili inafunguka kwa Excel, na ujaribu kuitoa ukiwa bado kwa ile ya bure, juu siku ukitaka kuhama ndio utagundua mlango uko wapi.