Miaka saba si tarehe ya kukabidhiana mtoto

"Wakili, Alhamisi mtoto anatimiza saba. Niende tu kumchukua, au kwanza unipe barua ya kumwonyesha mama yake?"

Ujumbe wa namna hii napokea mara kwa mara. Angalia alichouliza: barua. Kwamba mtoto akifika miaka saba ni wa baba, hilo kwake halina mjadala. Kaka zake walishamwambia, majirani walishamwambia, na nina wasiwasi hata kwenye baraza la usuluhishi aliambiwa hivyohivyo.

Haya, tusome. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinaweka ustawi wa mtoto mbele ya yote. Chini yake mahakama inaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii ya wahusika. Kisha kifungu kidogo cha tatu kinasema ipo dhana kwamba aliye chini ya miaka saba ni vema akae na mama yake, yaani mahakama inaanza kwa kuamini hivyo, na dhana hiyo inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Basi. Akishafika saba anakwenda kwa nani, kifungu hakisemi. Siku hiyo ya kuzaliwa inamwondolea mama ile dhana, lakini haimpi baba kitu. Wote wawili wanakwenda kwa hakimu mikono mitupu. Na hata mtoto wa miaka minne mama anaweza kumkosa, baba akithibitisha kwamba ustawi wake uko kwingine.

Wengine hunijibu, "Hiyo ya serikali, mimi Mwislamu." Sawa. Ila Waislamu wengi wa hapa kwetu ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Mashafi mtoto akishaanza kupambanua mambo, umri unaokadiriwa kuwa miaka saba, huulizwa anataka kukaa kwa nani. Anachagua yeye. Ile ya baba kuja alfajiri na bodaboda imetoka kitabu gani? (Nazungumzia Bara. Zanzibar Sheria ya Ndoa haitumiki na Kadhi ana mahakama yake, msinichanganyie.)

Kinachonichosha kuliko vyote ni "mila zetu". Mzee anapanda kizimbani, anakohoa, anasema: "Mheshimiwa, kwa mila zetu watoto ni wa ukoo wa baba, na mahari tulitoa." Zenu nani? Tamko la sheria za mila la 1963 kweli lilifuata jamii za ukoo wa baba, na humo watoto ni wa baba. Lakini Waluguru wa Morogoro wanahesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Wamwera na Wamakonde kule Kusini vilevile. Niliwahi kusimamia shauri la baba Mchaga na mama Mluguru, mtoto kazaliwa Temeke, hajui Kichaga wala Kiluguru. Kila upande ulileta mzee wake na kila mzee aliapa kwamba mila inampa mtoto. Hakimu aliwasikiliza kwa heshima zote, akaandika, kisha akamgeukia baba: mwalimu wa darasa wa mtoto anaitwa nani? Baba akatazama dari. Akamgeukia mama: nani anabaki na mtoto wewe ukiwa zamu ya usiku? Hapo mama naye akaanza kutafuta maneno. Shauri lilianza kuwa shauri dakika hiyo, saa mbili baada ya mila.

Siidharau mila. Sheria yenyewe imeitaja, na mila inajua kitu ambacho sisi mawakili tunakisahau: mtoto ana bibi, shangazi na mjomba, hagawanywi baina ya watu wawili tu. Lakini inakaa chini ya ustawi.

Matunzo kwa haraka: kumkosa mtoto hakumwondolei baba wajibu wa kumtunza. Nanyi akina mama, "hatoi hela, hamwoni mtoto" haipo kwenye sheria. Kumtembelea mzazi mwenzako ni haki ya mtoto, imo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009.

Sasa ninayoyaonea mashaka. Mtoto anaitwa chemba, yaani ofisini kwa hakimu, ana miaka minane, anasema "baba yangu hana uwajibikaji." Mtoto gani wa miaka minane anaongea hivyo? Kafundishwa, wote tunajua, ila huwezi kulifuta neno lake. Taarifa ya afisa ustawi wa jamii husaidia, ingawa siku anayotembelea nyumba huwa imefagiliwa.

La pili ni zito zaidi. Kifungu kilekile cha 125 kinaitaka mahakama iepuke kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Ni maneno ya busara, lakini mjanja anayatumia hivi: anamchukua mtoto likizo ya Desemba, hamrudishi, Januari anamwandikisha shule kijijini kwa bibi. Shauri linaahirishwa, linaahirishwa tena. Likija kusikilizwa mtoto ana marafiki, ana sare, ana nafasi darasani, na wakili wa aliyemchukua, ambaye mara nyingine ni mimi, anasimama kuomba asisumbuliwe. Dawa kamili sijaipata. Mteja akininyanyulia simu Januari kwamba mtoto hajarudi, namwambia tupeleke wiki hiyohiyo maombi ya amri ya muda, ya kutumika wakati shauri likisubiri, vikao vya ukoo viendelee huku maombi yakiwa tayari mahakamani.