Kabla hujanunua "grafini" uliza ina tabaka ngapi

Nikishasema tu kwamba kazi yangu ni grafini, swali linalofuata najua ni lilelile, mbona hatuioni mitaani? Geim na Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walibandua grafaiti kwa selotepu mpaka wakabaki na tabaka moja la atomu za kaboni zilizojipanga kama sega la nyuki, wakachapisha kazi yao 2004, Nobel wakapata 2010, na miaka yote hiyo watu wanasubiri. Jibu langu ni kwamba ipo, ila nyingi inayouzwa kwa jina hilo sio grafini.

2018 ilitoka ripoti ya watafiti waliopima unga wa kampuni 60 na kukuta kwamba kwa nyingi kati yao grafini yenyewe haifiki hata asilimia 10, kilichojaa humo ni vipande vya grafaiti, yaani kitu kilekile cha kwenye penseli. Hii iliniuma kweli, manake ile nguvu ya gigapaskali 130 (kipimo cha mvuto ambao kitu kinaustahimili kabla ya kukatika) inayotajwa kila mahali ni ya tabaka moja lisilo na kasoro, ukirundika matabaka sifa zinashuka na ukipita 10 hivi umerudi kwenye grafaiti. Ndo maana mimi sampuli ikifika naimulika kwanza kwa leza kwenye mashine ya Raman, inayosoma mwanga unaorudi na kuuchora kama grafu yenye vilele, kile kilele tunachokiita 2D kikiwa chembamba na kimekipita kwa urefu kingine tunachokiita G, hiyo ni dalili ya tabaka moja na hapo moyo unatulia.

Sasa sio kila kazi inadai tabaka moja. Kwenye zege vipande vya matabaka machache vinatosha, saruji inapoganda fuwele zake zinapata pa kujishikiza, zege linakuwa imara zaidi kwahiyo unaweza kupunguza saruji, na saruji peke yake inatoa kama asilimia 8 ya kaboni dioksaidi inayotokana na shughuli za binadamu dunia nzima! 2021 kule Amesbury, Uingereza, walimwaga sakafu ya jimu kwa zege la namna hiyo. Alafu kuna mkemia James Tour na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, 2020 walionyesha kwamba ukipitisha umeme mkali kwenye makaa, plastiki au mabaki ya chakula joto linapita kelvini 3000 ndani ya kufumba na kufumbua na unapata grafini, tena matabaka yake yamekaa shaghalabaghala hayajashikana sana, kwahiyo kuyatenganisha na kuyachanganya ni rahisi. Hii naipenda mno.

Chipu za kompyuta ndo ngumu. Grafini ya kawaida haina pengo la nishati, yaani ile nafasi inayowezesha umeme kuzuiwa, kwahiyo transista yake (swichi ndogo ya ndani ya chipu) haizimiki sawasawa, umeme unaendelea kupita tu. Januari 2024 timu ya mwanafizikia Walter de Heer wa chuo cha Georgia Tech, Marekani, wakishirikiana na wenzao wa Tianjin, China, walitangaza grafini iliyooteshwa juu ya silikoni kabaidi, hii pengo inalo, elektronivolti 0.6 (kipimo cha nishati), wakati silikoni ya chipu za kawaida ni kama 1.1, na elektroni zinapita humo kwa wepesi mara 10 hivi kuliko kwenye silikoni.