Benki ya betri: unajuaje saizi inayokutosha?

Huku Dodoma watu wengi wanaojenga viwanja vya pembeni ambako nguzo hazijafika wanaingia duka la sola na swali moja, "inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) ya wati ngapi?", betri atapanga fundi. Hapo ndo shida inapoanzia, maana inveta inakwambia tu unaweza kuwasha vitu vingapi kwa mpigo, vitawaka mpaka saa ngapi hilo ni la betri.

Benki ya betri ni betri zako zote zikiunganishwa zikafanya kazi kama moja. Ipime kwa uniti, hizi hizi za LUKU, uniti 1 ni wati 1000 kwa saa nzima. Chukua N200, ile betri kubwa ya volti 12 na Ah 200 (Ah ni ampia mara masaa): 12 mara 200 unapata wati-saa 2400, yaani uniti 2.4. Sasa betri ya maji ukiishusha chini ya nusu kila siku haidumu, inabaki 1.2, inveta nayo ina chake, mi huwa natoa asilimia 15, kwahiyo mkononi una uniti 1 tu na ulilipia 2.4! Na hizo Ah 200 kwa kawaida zimepimwa kwa kutoa ampia 10 masaa 20, ukichomeka pasi ya wati 1000 inavuta ampia kama 100 na hapo usitegemee masaa mawili. Halafu kama N200 yenyewe ni ya lori, ile imetengenezwa kupiga stata, sio kuwasha tivii usiku kucha, tafuta dipu saiko, betri ya kutoa umeme taratibu kwa masaa mengi.

Tuseme nyumba iko Chamwino, taa 5 za wati 7 masaa 5 (wati-saa 175), tivii ya wati 60 masaa 5 (300), simu na redio 75, friji ndogo 700 kwa siku. Jumla 1250, gawa kwa 0.85 kufidia ile asilimia 15 ya inveta, unakaribia 1500. Zidisha mara mbili kwa ajili ya ile nusu, 3000, gawa kwa volti 12 ni Ah 250. Toa friji urudie hesabu uone, inashuka mpaka Ah 110 hivi, friji peke yake imekula zaidi ya nusu ya pesa yako ya betri.

Hiyo ni ya siku moja. Kiangazi jua la huku halina longolongo ila kuanzia Desemba mvua zikiingia kuna siku wingu halitoki, kwahiyo panga siku mbili, inakuwa 6000 na hapo hamia volti 24 waya zisipate moto sana. N200 tatu zingetosha ila kwenye volti 24 zinaenda mbili mbili, kwahiyo nne, na zote ziwe mpya za aina moja, ukichanganya na ya zamani ile mbovu inazivuta zingine. Lithiamu unaweza kuitumia mpaka asilimia 80, kazi hiyo hiyo inafanywa na Ah 160 za volti 24, bei ndo inauma mwanzoni.

Betri za maji usiziweke stoo ya bati isiyo na dari, joto likizidi nyuzi 25, kila nyuzi 10 za juu zinakata kama nusu ya umri wake. Chumba chenye kivuli na dirisha, maana zikichajiwa zinatoa gesi inayoshika moto.