Mtoto wa benchi la mwisho hasikii: tunayoyaamini vibaya kuhusu majengo ya shule Goma

Katika mkutano wa wazazi wa shule moja hapa Goma tulibishana saa mbili nzima juu ya lango. Liwe la chuma? Jina la shule liandikwe kwa rangi ya dhahabu? Hakuna aliyeuliza kama mtoto wa benchi la mwisho anamsikia mwalimu. Nimekaa kwenye mikutano ya namna hiyo mara nyingi, kama mzazi na kama mtu anayechora ramani za nyumba, na maneno yanayosemwa ni yale yale.

"Mabati yakishapigwa, darasa limekwisha."

Bati huzuia maji, halizuii kelele zake. Mtu akiongea kawaida, ukiwa mita moja mbele yake, sauti hufika desibeli 60 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kisha hufifia kadiri unavyorudi nyuma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kelele za darasani zisizidi desibeli 35, na wataalamu wa usikivu wanataka sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa desibeli 15 hivi. Mvua ya Aprili ikipiga bati tupu, hesabu hiyo huvunjika yote. Mwalimu anapaza sauti mpaka koo linakauka, halafu anageukia ubao, na watoto wananakili wasichokielewa. Shule zetu nyingi hupokea watoto kwa zamu mbili, na mvua zetu hupenda kushuka mchana. Kwa hiyo wa zamu ya mchana hupoteza masomo kuliko wenzao wa asubuhi, na mwisho wa mwaka tunawaambia ni wavivu.

Dawa haiko mbali. Weka plafo, yaani dari, hata ya tripleksi, zile mbao nyembamba, uache nafasi ya hewa kati yake na bati. Mbao zinazobeba bati zikaribiane, lisitetemeke kama ngoma. Na dukani usidanganyike na namba ya BG, kipimo cha unene wa bati: bati la BG 32 ni jembamba kuliko la BG 28. Nimeona kamati ikishangilia namba kubwa! Plafo hiyo hiyo hupunguza joto la saa sita, na ikipakwa nyeupe hurudisha mwanga kwenye daftari.

Siku hizi vijana hunionyesha kwenye simu picha za shule ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Mchoraji wake, Francis Kéré, aliinua paa la bati juu ya dari ya udongo ili upepo upite katikati na kubeba joto. Mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Pritzker, tuzo kubwa ya wachoraji wa majengo duniani, na alistahili. Lakini Gando hupambana na joto la digrii 40. Sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi watoto huja wamevaa masweta. Kéré alianza kwa kuuliza kinachowasumbua watoto wa kijiji chake. Hapa jibu la kwanza ni kelele za mvua.

"Madirisha makubwa huleta baridi, tena watoto watachungulia nje."

Watachungulia, ndiyo. Hata hivyo, mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, walichapisha matokeo yao baada ya kuangalia madarasa 153 na watoto 3,766. Walikuta kwamba sura ya darasa lenyewe ilieleza asilimia 16 ya tofauti za maendeleo ya watoto kwa mwaka, na mwanga, joto na hewa vilikuwa kati ya mambo yenye uzito zaidi. Walikuwa kwenye madarasa ya Uingereza. Sisi, tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, tunapanga watoto watatu au wanne kwenye benchi moja, na hewa yao yote iko mle ndani. Hewa ya nje ina kaboni dioksidi kama sehemu 420 katika kila milioni, na ikipita 1,000 ndani, wataalamu husema chumba hakipumui. Kipimo cha mwalimu ni rahisi zaidi: saa nne vichwa vinaanza kulala juu ya meza. Weka madirisha kuta mbili zinazotazamana, na sehemu ya juu iweze kufunguliwa huku ya chini imefungwa, hewa chafu itoke bila baridi kuwapiga watoto vifuani.

Kuhusu upande wa kuyaweka, vitabu vya ujenzi kutoka Ulaya huelekeza dirisha kubwa kusini. Huko ni sawa. Goma iko karibu sana na ikweta: mwezi wa sita jua hupita upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili upande wa kusini. Kuta ndefu zitazame pande hizo mbili na zote zipate mapaa yanayotokeza mbele ya ukuta kuleta kivuli. Ukuta wa mashariki ukiwa na madirisha makubwa, saa mbili asubuhi jua linampiga mtoto usoni na ubao unang'aa asisome kitu.

"Jiwe la lava lilizaliwa na moto, halianguki."

Jiwe halianguki, ukuta ndio unaoanguka. Baada ya volkano yetu, Nyiragongo, kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi ilitikisika siku nyingi, na nyufa zilionekana hata kwenye nyumba zilizosifiwa. Ukuta wa mawe mazito unataka nguzo za betoni na mkanda wa betoni wenye chuma, ule mafundi wanaouita shenaji, uzunguke jengo lote juu ya madirisha. Nyumba ya mbao tunayoidharau huyumba na tetemeko, mara nyingi bila kumuua mtu. Ubaya wake ni moto, na sauti ya darasa la jirani kupenya kama hakuna ukuta. Kwa vyovyote, mlango wa darasa ufunguke kwenda nje. Hilo halina mjadala.

"Kiwanja cha bondeni ni bei nafuu, tukichukue."

Magharibi ya mji, kuelekea Mugunga na Sake, kila mtu analijua neno mazuku. Ni kaboni dioksidi inayopanda kutoka kwenye nyufa za ardhi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hulala mashimoni, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mbuzi hufa, na watu pia. Mtu mzima anaweza kupita akiwa na kichwa juu ya gesi hiyo, lakini mtoto wa shule ya awali anayeinama kuokota mpira anaivuta. Kabla ya kununua kiwanja huko, waulizeni wakaaji wa zamani, kisha wataalamu wa kituo cha volkano, OVG. Bei nafuu ina sababu yake.

"Darasa la watoto lijae picha."

Kiasi. Kuta zilizojaa kila pembe huiba macho ya watoto wadogo.

"Choo tutajenga pesa ikibaki."

Haibaki. Shirika la Afya Duniani linataka choo kimoja kwa wasichana 25, na kwa wavulana choo kimoja na mahali pa kukojolea kwa kila 50. Hapa kuchimba lava ni kazi ya nyundo na jasho, kwa hiyo shimo huwa fupi, choo huinuliwa, na mtoto hupanda ngazi mbele ya shule nzima. Mwenye mguu mbovu hapandi, na msichana aliye kwenye siku zake anaona heri abaki nyumbani. Njia ya mteremko, sentimita 12 mbele kwa kila moja ya kupanda, ukuta mfupi wa kuficha mlango, na kitasa cha ndani: hivyo vitatu nimeviandika kwenye makadirio ya shule mbili. Mara zote mbili kitasa kilikatwa. Bei yake haifiki kilo tatu za maharage.